KODI YA MAFUTA: NI MSAADA AU NI MADHARA KWA MNUNUZI MDOGO?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama na makarani. Inapigwa chapa humu kwa ombi la wenzetu waliokuwa zamu siku ile wasiweze kuhudhuria.)



Tumepewa kazi ya kusema mbele yenu juu ya kodi ya mafuta, yaani petroli, dizeli na mafuta ya taa. Swali tulilopewa ni hili: je, kodi kubwa juu ya mafuta humsaidia mtu wa kawaida anunuaye, au humdhuru? Twashukuru kwa heshima hiyo. Twaomba mtuvumilie, kwa kuwa katika habari hii zimo hesabu, nazo hesabu hazipendezi masikioni kama hadithi. Lakini sisi ni makarani, na karani aikimbiaye hesabu ni kama mvuvi aogopaye maji.

Desturi ya swali kama hili ni kugawa watu pande mbili. Wako wasemao kwamba kodi yote ya mafuta ni dhuluma, na yafaa ifutwe kesho asubuhi. Wako na wengine wasemao kwamba Serikali haiwezi kujenga nchi pasipo fedha, kwa hiyo kila kodi ni njema na mwenye kunung'unika ni mvivu. Sisi hatukuweza kukubaliana na upande wo wote mzima mzima. Tulipokwisha kulipima jambo lenyewe, tuliona ya kuwa kodi ya mafuta haihukumiwi kwa ukubwa wake tu. Yatupasa kuuliza maswali mawili. La kwanza, imewekwa juu ya mafuta gani, ya motokaa au ya taa? La pili, fedha yake hurudi wapi baada ya kukusanywa? Mwenye kuyajibu maswali hayo mawili amekwisha kujibu swali la leo.

1. ANAYELIPA NI NANI

Hatuna budi kuanza na kosa moja lililoenea sana. Mtu asiye na motokaa wala pikipiki husikia kwamba kodi ya petroli imepanda, naye husema moyoni, "Hayo ni mambo ya wenye magari." Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mzigo huu si wa mwenzio, ni wako mwenyewe, ila umefungwa katika kanda la mtu mwingine.

Tazameni unga uliomo nyumbani mwenu. Mahindi yalitoka Rukwa au Ruvuma kwa lori liendalo kwa dizeli. Pale ambapo umeme haujafika, mashine ya kusaga nayo hunywa dizeli. Samaki wa mtoni na wa baharini huletwa na mtumbwi wenye mashine ya petroli. Mgonjwa wa kijijini hupelekwa zahanati kwa bodaboda. Wala hakuna hata mmoja katika hao wote, mwenye lori, msagaji, mvuvi au dereva, ambaye hulipa kodi ile kutoka mfukoni mwake kisha akanyamaza. Huiweka juu ya bei, na bei humfikia yule wa mwisho asiye na mtu wa kumpelekea. Wa mwisho huyo ndiye mnunuzi mdogo.

Sasa tuje katika jambo linalotugusa kila asubuhi, nalo ni nauli. Tuseme daladala moja hunywa lita 40 za dizeli kwa siku na kuchukua abiria 400. Kodi ikiongezwa shilingi 100 kwa kila lita, gharama ya gari lile huongezeka shilingi 4,000. Zigawanye kwa abiria 400, utaona kila mmoja anadaiwa shilingi 10 tu. Hizo si nyingi. Lakini nauli haipandi shilingi 10. Kodi huhesabiwa kwa shilingi moja moja, nauli hupanda kwa sarafu nzima. Mwezi wa Mei 2022 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa kutoka shilingi 400 hadi 500, na mwezi wa Desemba 2023 ikapandishwa tena hadi 600.

Karani apandaye magari mawili kwenda kazini na mawili kurudi, kwa siku 26 za mwezi, hulipa nauli mara 104. Kwa nauli ya 400 alilipa shilingi 41,600. Kwa nauli ya 600 hulipa shilingi 62,400. Tofauti ni shilingi 20,800 kila mwezi, nazo hutoka katika mshahara ule ule ulionunua sare za watoto.

Hatusemi kwamba shilingi hizo zote ni kodi. La, kusema hivyo kungekuwa uongo. Vita vilivyoanza Ukraine mwezi wa Februari 2022 vilipandisha bei ya mafuta duniani kote, na vipuri na matairi vilipanda pia. Lakini liangalieni jambo hili. Dizeli katika Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000 kwa lita mwezi wa Agosti 2022, na kufikia Julai 2023 ilikuwa imeshuka chini ya 2,700. Nauli haikushuka pamoja nayo. Ilibaki pale pale, kisha ikapanda. Basi tumejifunza tabia ya kwanza ya mzigo huu: hupanda upesi, na hushuka kwa uvivu sana. Kwa hiyo Serikali iongezapo hata shilingi chache juu ya lita, yapasa ijue kwamba kwa mtu wa mwisho shilingi zile zaweza kufika zikiwa zimezaa.

2. HAKI YA UPANDE WA PILI

Mgala muue, na haki yake umpe. Wanaoitetea kodi hii wana hoja, nazo si hoja ndogo.

Hoja ya kwanza ni barabara. Hapa kwetu sehemu ya kodi ya mafuta huitwa tozo ya mafuta, nayo huingia katika Mfuko wa Barabara, ambao sheria yake ilirekebishwa mwaka 1998 ili fedha zile zitunzwe na Bodi na zitumike hasa kwa matengenezo. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na ya dizeli kwa ajili ya barabara za wilaya, zile zinazotunzwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barabara hizo zina urefu upitao kilomita 100,000, na nyingi ni za udongo.

Ninyi mliofanya kazi wilayani mwazijua barabara hizo. Wakati wa masika lori huacha kwenda, nyanya huoza shambani, na mjini nyanya huuzwa kwa bei ya kutisha siku ile ile. Mkulima apoteza, na mnunuzi apoteza, wala hakuna kodi iliyotozwa hapo. Ubovu wa njia nao ni kodi, ila haina stakabadhi. Gari lipitalo katika mashimo hunywa mafuta zaidi, huvunja springi na hula matairi, na gharama hizo zote huwekwa juu ya gunia. Ikiwa shilingi 100 za lita zinafungua njia ya gunia hilo mwaka mzima, mnunuzi mdogo amepata faida hata kama alinung'unika siku ya kulipa.

Hoja ya pili ni kwamba anayenunua mafuta mengi hulipa kodi nyingi. Mwenye magari matatu makubwa hulipa kuliko mwenye baiskeli. Wachunguzi wa Shirika la Fedha la Kimataifa walikusanya hesabu za nchi nyingi zinazoendelea ili waone ni nani anayefaidiwa Serikali inapoyafanya mafuta kuwa rahisi kwa wote. Walikuta kwamba fungu la tano la watu walio na mali zaidi hupata karibu mara sita ya faida wanayopata fungu la tano la walio maskini zaidi. Maana yake ni nyepesi: ukipunguza bei ya petroli ili umsaidie maskini, kwanza umemsaidia tajiri, na maskini hupata makombo.

Hoja ya tatu yatoka Nigeria, nchi yenye visima vya mafuta. Huko kwa miaka mingi petroli iliuzwa kwa bei ya chini kuliko gharama yake, na Serikali ikalipa tofauti. Matokeo yake yalikuwa nini? Mafuta yalivushwa mpaka kwa magendo kwenda Benin na nchi nyingine za jirani kuuzwa kwa bei kubwa, na mwananchi mwenyewe akapanga foleni vituoni. Rais mpya alipotangaza mwisho wa msaada huo tarehe 29 Mei 2023, bei ya lita iliruka kutoka chini ya naira 200 hadi kupita 500 katika muda wa siku chache, na nauli zikaruka nayo. Tunayoyaona hapo ni haya, kwamba mafuta rahisi si zawadi ya bure. Hulipwa ama kwa foleni, ama kwa deni la Serikali, ama kwa shule na hospitali ambazo hazikujengwa.

Kwa sababu hizo hatuwezi kusimama mbele yenu na kudai kwamba kodi yote ifutwe. Sisi nasi hulipwa mishahara kutokana na kodi. Lakini tukikubali kwamba kodi iwepo, hatujakubali kwamba yo yote yafaa. Na hapa ndipo tunapofika katika habari ya mafuta ya taa.

3. HABARI YA MAFUTA YA TAA

Wengi wenu mwalikumbuka neno "uchakachuaji" lilivyoenea katika nchi hii. Asili ya mambo ilikuwa hivi. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo sana, kwa sababu yalikuwa nuru ya maskini: shilingi 52 tu kwa lita. Dizeli ilitozwa ushuru wa shilingi 314, mbali na tozo ya barabara. Wafanyabiashara wasio waaminifu waliona pengo hilo, wakachanganya mafuta ya taa na dizeli, wakauza mchanganyiko kwa bei ya dizeli. Serikali ilikosa mapato, na mashine za magari zikaharibika njiani zikiwa na abiria ndani.

Mwaka 2010 ilianzishwa kazi ya kutia alama maalum katika mafuta, ili mkaguzi aweze kupima kituoni na kujua kama yamechanganywa, au kama ni yale yaliyosemwa kuwa yanakwenda nchi jirani bila kulipiwa kodi kisha yakauzwa humu humu. Lakini katika bajeti ya mwaka 2011/12 Serikali ilishika njia nyingine pia. Ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Katika bajeti hiyo hiyo ushuru wa dizeli ulipunguzwa kutoka 314 hadi 215. Pengo likazibwa, na mchanganyaji akakosa faida.

Je, dawa ile ilifanya kazi? Ilifanya. Uchanganyaji ulipungua sana, na mafuta ya taa yaliyouzwa nchini yakapungua nayo, jambo lililoonyesha kwamba sehemu kubwa yake ilikuwa haiingii katika taa hata kidogo. Abiria wa basi alifaidika, na mwenye lori pia.

Lakini tuandike na upande wa pili wa daftari. Nyumba iliyopika kwa jiko la mafuta na kutumia lita 15 kwa mwezi iliongezewa mzigo wa shilingi 5,224 na senti 50 kila mwezi. Katika bajeti hiyo hiyo mwenye gari la dizeli atumiaye lita 100 kwa mwezi alipunguziwa shilingi 9,900. Ni kweli kwamba dizeli huendesha pia mabasi na malori ya watu wote. Hata hivyo, hesabu hizi mbili zikiwekwa bega kwa bega, karani ye yote ataona mizani imeinamia wapi.

Wala si jiko tu. Wakati ule vijiji vingi havikuwa na umeme, na mtoto wa shule alisoma kwa kibatari. Wavuvi wa dagaa, wa Ziwa Victoria na wa Ziwa Tanganyika, huvua usiku wa giza kwa kuvuta dagaa kwa mwanga, na mwanga huo ulikuwa wa karabai, na karabai hunywa mafuta ya taa. Dagaa ndiye kitoweo cha asiyeweza kununua nyama. Basi kodi iliyowekwa ili kumzuia mchanganyaji wa mjini ilifika hata katika sahani ya maskini aliye mbali, ambaye hajawahi kuiona dizeli ikichanganywa.

Majirani zetu wa Kenya walipita njia hiyo hiyo baadaye. Mwaka 2018 waliweka tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa kila lita ya mafuta ya taa, na sababu iliyotolewa ilikuwa ile ile ya kuzuia uchanganyaji. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo kodi ya ongezeko la thamani ilianza kutozwa juu ya mafuta, kwanza kwa asilimia 16, kisha ikapunguzwa hadi 8 baada ya malalamiko makubwa; na tangu Julai 2023 ikarudishwa 16. Mwezi wa Septemba 2023 bei ya petroli katika Nairobi ilifika shilingi 211.64, na ya mafuta ya taa 202.61. Angalieni jinsi namba hizo mbili zilivyokaribiana. Mwenye taa na mwenye motokaa walisimama karibu mlango mmoja, ingawa mifuko yao haifanani hata kidogo.

Neno letu juu ya jambo hili ni hili: walioiba walikuwa wachache, waliotozwa walikuwa wote. Kodi ilipewa kazi ya polisi. Pale ambapo mkaguzi na alama ya mafuta vingeweza kumkamata mwizi mmoja mmoja, kodi ilifunga mlango wa nyumba nzima. Hatukatai kwamba ilikuwa njia nyepesi. Twasema kwamba wepesi wake ulilipwa na wasiokuwa na kosa.

4. FEDHA HURUDI WAPI

Sasa tulijibu swali la pili. Habari ya mafuta ya taa haikuishia pale. Mwaka 2015 tozo ya mafuta iliyotengwa kwa umeme wa vijijini iliongezwa kutoka shilingi 50 hadi 100 kwa petroli na dizeli, na hadi 150 kwa mafuta ya taa. Fedha hizo huenda kwa Wakala wa Nishati Vijijini. Miaka kumi baadaye, mwaka 2025, Serikali ilitangaza kwamba umeme umefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Kufika kijijini si kufika katika kila nyumba, na mwenye kijumba cha mwisho bado hutazama waya upitao juu yake. Walakini huko ndiko kodi inakogeuka kuwa msaada: mwenye kibatari alilipa, na baada ya muda taa ikamjia. Lingekuwa jema zaidi kama taa ingetangulia kodi, wala si kodi kutangulia taa.

Mwaka 2023 iliongezwa tena shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli, safari hii kwa miradi mikubwa ya nchi. Reli mpya iendayo kwa umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi wa Juni 2024, na mwezi wa Agosti ikazinduliwa hadi Dodoma. Ni kazi ya fahari. Asafiriye Morogoro sasa ameona fedha yake. Lakini mtu wa Songea alilipa shilingi zile zile 100, na treni ile haipiti kwake. Hatusemi asilipe, kwa maana nchi ni moja. Twasema astahili kuambiwa kwa namba, kila mwaka, kilichokusanywa na kilichojengwa, ili ajue kwamba zamu yake iko katika orodha.

Yako na mambo ya kujifunza nje. Wakenya mwezi wa Julai 2020, wakati mafuta yalipokuwa rahisi duniani, waliongeza tozo moja kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40 kwa lita, na tangu Aprili 2021 fedha yake ikatumika kuzuia bei isipande. Ni akiba ya ghala: weka wakati wa mavuno, kula wakati wa njaa. Wazo lenyewe ni zuri. Shida ni kwamba njaa ya mwaka 2022 ilikuwa kubwa kuliko ghala, Serikali ikadaiwa na makampuni ya mafuta, na mwezi wa Septemba 2022 msaada wa petroli ukaondolewa. Bei ikapanda kwa shilingi 20 katika siku moja. Sisi kwetu mwaka huo Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, na iliwapunguzia watu makali. Lakini ruzuku ile nayo iligawanywa kwa lita, na mwenye lita nyingi akapata nyingi.

Indonesia walifanya vingine. Mwezi wa Oktoba 2005 walipopandisha sana bei ya mafuta, waliandika orodha ya nyumba maskini, na kila nyumba ikapewa rupia 100,000 kwa mwezi, zikilipwa kila miezi mitatu katika posta. Orodha zile hazikukosa makosa. Wako waliostahili wakaachwa, na wako wasiostahili wakaandikwa. Hata hivyo, msaada ulimwendea mtu, haukwenda katika tangi la gari. Na tazameni ni nani waliobeba kazi ile: waandishi wa orodha na makarani wa posta.

5. SEHEMU YETU SISI

Neno hilo latuleta kwetu wenyewe. Ni rahisi kukaa katika mkutano kama huu tukailaumu Hazina, tukawalaumu wauzaji, kisha tukanywa chai tukaenda zetu. Lakini sisi tumekaa mahali pa pekee katika jambo hili. Jioni sisi ni abiria tulipao nauli. Mchana sisi ndio wenye kalamu.

Hakuna lita iliyowahi kukwepa kodi pasipo karatasi, wala hakuna karatasi pasipo karani. Mafuta yaliyoandikwa kwamba yamevuka mpaka, kumbe yameshushwa njiani, yaliandikwa na mkono wa mtu. Kilomita ya barabara iliyolipiwa kwamba imechongwa, kumbe nyasi zimesimama, iligongwa mhuri na mtu. Na mapato yakipungua kwa njia hiyo, Serikali hufanya nini? Huongeza kodi juu ya wale wasiokwepa. Basi mhuri mmoja wa uongo huongeza nauli ya mama wa mwenye mhuri. Tukilijua hilo, hatutasema tena kwamba kodi ya mafuta ni jambo la wakubwa.

6. TUNAYOPENDEKEZA

Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano uyafikiri mambo manne haya, na ukiona yafaa, Kamati iyaandike na kuyapeleka mahali panapohusika kwa adabu na kwa njia ya kawaida.

Kwanza, kwamba kila tozo iliyo juu ya lita ya mafuta itajwe kwa jina na kwa kiasi, na hesabu ya mapato na matumizi yake ibandikwe kila mwaka katika mbao za matangazo za halmashauri, kwa Kiswahili chepesi, ili mwanakijiji asome ni kilomita ngapi za wilaya yake zilizotengenezwa.

Pili, kwamba nauli ikipandishwa kwa sababu ya bei ya mafuta, iwekwe pia siku ya kuitazama tena bei hiyo ikishuka. Mlango wa kupandia uwe pia mlango wa kushukia.

Tatu, kwamba kodi ya mafuta ya maskini isiongezwe kabla ya kitu cha badala yake kumfikia. Mwezi wa Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye nia ya kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Ni nia njema. Lakini atozwaye mafuta leo na kuahidiwa gesi kesho, usiku wa leo atapika kwa mkaa, na msitu utalipa.

Nne, na hili halihitaji barua kwenda po pote: kwamba kila mwanachama wa chama hiki anayeshika kitabu cha mafuta, cha gari la ofisi, cha mizani au cha mpaka, aandike kilichopo, wala asiandike kisichopo.

Turudi kwa swali tulilopewa, tulijibu kwa ufupi ili asiwepo atakayesema kwamba tumelizunguka. Kodi kubwa ya mafuta humdhuru mnunuzi mdogo inapowekwa juu ya taa na jiko lake kabla hajapata kingine, na inapokusanywa kisha isionekane. Humsaidia inapolipwa zaidi na wenye kutumia zaidi, ikarudi katika njia ipitayo mbele ya nyumba yake, na hesabu yake ikasomwa hadharani. Kati ya madhara na msaada umbali si mkubwa: ni daftari moja, na mtu alishikaye.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Wako humu wazee waliotunza hesabu kabla baadhi yetu hatujajua kushika kalamu, nasi tutafurahi wakitusahihisha. Tumekwisha, Bwana Mwenyekiti.